Tiba ya Mke Ijaribiwe Pamoja na Mume

Yako maradhi yanayotajwa hadharani, na yako yanayonong'onwa. Malaria, kifua kikuu na surua hutangazwa redioni na kuandikwa katika kuta za zahanati. Lakini maradhi ya uke hubaki kuwa siri ya mwanamke, mama yake au shoga yake, na pengine mganga. Kwa sababu hiyo, ugonjwa ulioenea kupita mengi ya maradhi tuyajuayo haukupewa nafasi unayostahili katika fikra za watu wetu, wala katika mipango ya watafiti wetu.

Katika wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, kama ilivyo katika wilaya nyingi za nchi yetu, si ajabu mwanamke mmoja kufika zahanati mara tatu au nne kwa mwaka akieleza jambo lile lile: anatokwa na majimaji yenye harufu. Kila mara hupewa vidonge vile vile, kila mara hupata nafuu kwa majuma machache, na kila mara ugonjwa hurudi. Mumewe huanza kumtilia mashaka. Majirani husema hana usafi. Naye mwenyewe hujiosha kwa sabuni kila siku, bila kujua kwamba kwa kufanya hivyo huenda anazidi kuuharibu ulinzi aliopewa na maumbile.

Shabaha ya makala hii ni kutetea jambo moja. Naona kwamba tiba ya ugonjwa huu haina budi kujaribiwa upya, ijaribiwe hapa kwetu, katika mazingira kama ya Bariadi, na ijaribiwe kwa mke na mume kwa pamoja. Msomaji ataniwia radhi nikieleza kwanza ugonjwa wenyewe na dawa yake, maana hoja isiyo na msingi ni kelele tu.

Ugonjwa wenyewe

Uke wa mwanamke mwenye afya haukosi vijidudu. Umejaa bakteria wa jamii ya lakitobasili, ambao hutengeneza asidi ya laktiki, na asidi hiyo huwazuia wageni wabaya wasizaliane. Wanasayansi hupima ukali wa asidi kwa kipimo kiitwacho pH. Katika uke wenye afya kipimo hicho aghalabu hakizidi 4.5. Pindi lakitobasili wanapopungua, asidi hupungua pia, na nafasi yao huchukuliwa na bakteria wengine wa aina nyingi, wakiwemo wale waitwao Gardnerella. Hali hiyo ndiyo iitwayo vajinosisi ya bakteria. Dalili zake ni ute mwepesi wa rangi ya kijivu na harufu inayofanana na ya samaki. Wanawake wengi wenye hali hiyo hawana dalili yoyote.

Ugonjwa huu usichanganywe na mingine miwili inayofanana nao. Wa kwanza ni ule uletwao na fangasi, wenye mwasho na ute mzito mweupe. Wa pili ni ule uletwao na kijidudu kiitwacho trikomona, ambacho Alfred Donné alikiona kwa hadubini huko Paris mwaka 1836. Trikomona huambukizwa kwa kujamiiana, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 peke yake watu milioni 156 duniani walipata maambukizo mapya ya kijidudu hicho.

Vajinosisi ilielezwa kitaalamu na Gardner na Dukes nchini Marekani mwaka 1955. Mwaka 1983 Amsel na wenzake waliweka alama nne za kuitambua, ambazo tatu zikionekana zatosha; na mwaka 1991 Nugent na wenzake walitunga njia ya kuhesabu bakteria kwa hadubini na kuwapa alama kuanzia 0 hadi 10, ambapo 7 na zaidi ni ugonjwa. Mambo haya yana maana kubwa kwa mjadala wetu, kwa sababu jaribio la dawa haliwezi kuaminika iwapo hatujui kwa hakika nani anaumwa na nani hakuumwa.

Je, ugonjwa huu una hatari, au ni kero tu? Wengi walidhani ni kero. Lakini uchunguzi uliofanywa Rakai, Uganda, na kuchapishwa mwaka 1997 na Nelson Sewankambo na wenzake, ulionyesha uhusiano baina ya hali hiyo ya uke na virusi vya UKIMWI. Tafiti nyingi zilizofuata, zilipojumlishwa mwaka 2008, zilionyesha kwamba hatari ya mwanamke mwenye vajinosisi kuambukizwa virusi hivyo ni kubwa kwa takriban asilimia 60 kuliko ya mwenzake asiye nayo. Ugonjwa huu pia unahusishwa na kuzaa watoto njiti. Na katika uchunguzi wa wanawake wanaofanya kazi katika baa, migahawa na nyumba za wageni kaskazini-magharibi mwa Tanzania, zaidi ya nusu yao walikutwa nao. Jambo linalompata zaidi ya mtu mmoja kati ya kila wawili haliwezi kuitwa dogo.

Historia fupi ya dawa

Dawa inayotumika zaidi ni metronidazoli, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Flagyl. Asili yake ni kemikali iliyopatikana Japani katika miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa udongoni. Watafiti wa kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa waliifanyia kazi kemikali hiyo, wakatengeneza jamaa zake nyingi, na mwaka 1959 wakatangaza kwamba mmojawapo unaua trikomona. Hapo kabla wanawake walipakwa dawa za kila namna bila mafanikio ya kudumu, kwa hiyo tiba ya vidonge vya kumeza ilikuwa hatua kubwa sana. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, metronidazoli ilikuwamo. Mwaka uliofuata, 1978, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba dawa hiyo hiyo inatibu vajinosisi.

Dawa hii ni ya bei nafuu, haihitaji kuhifadhiwa katika baridi, na inapatikana hata vijijini. Mwanamke akimeza vidonge kwa siku saba, mara nyingi dalili huondoka. Kwa nini basi tunalalamika? Tunalalamika kwa sababu ugonjwa hurudi. Uchunguzi uliofanywa Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake waliotibiwa kwa miezi 12, na zaidi ya nusu yao walikuwa wameugua tena. Bakteria hao hujijengea utando juu ya ngozi ya ndani ya uke, na dawa huwaua walio juu huku ikiwaacha waliojificha chini. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili, ambayo ndiyo kiini cha makala hii, ni kwamba huenda mwanamke aliyepona anaambukizwa tena na mtu ambaye hakupewa dawa.

Kujaribu dawa maana yake nini

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo mara kwa mara halieleweki, hata kwa baadhi ya wasomi. Watu husema, "Dawa hii tumeijaribu, inafaa," wakimaanisha kwamba waliotumia walipona. Hiyo si kujaribu. Vajinosisi hupungua na kuzidi yenyewe kufuatana na hedhi. Wako wanaopona bila dawa yoyote, na wako wanaopona kwa dawa kisha wakaugua tena baada ya mwezi. Ukimpa mtu dawa siku ile anayoumwa zaidi, yaelekea juma linalofuata atakuwa afadhali, uwe umempa metronidazoli au maji ya mzizi.

Jaribio la kisayansi, kwa hiyo, huhitaji makundi mawili yanayofanana kwa kila hali isipokuwa dawa. Njia ya kuyapata makundi hayo ni kura. Mtafiti hachagui nani apewe nini, kwa maana akichagua, hata kwa nia njema, ataweka wagonjwa wepesi upande mmoja na wazito upande mwingine. Inapowezekana, mgonjwa na anayempima wote wawili hawaambiwi nani kapata dawa na nani kapata vidonge visivyo na dawa, ili matumaini yao yasiharibu hesabu. Kisha wagonjwa hufuatiliwa kwa muda wa kutosha, na hesabu hufanywa kwa wote walioingia, hata wale walioacha dawa njiani.

Kura si dharau kwa mgonjwa, kama wengine wanavyodhani. Tunapiga kura pale tu ambapo kwa kweli hatujui njia ipi ni bora. Tukijua, ni kosa kumnyima mtu iliyo bora. Na tusipojua, ni kosa pia kuendelea kuwapa maelfu ya watu dawa kwa kubahatisha huku tukijifanya tunajua.

Mafunzo ya Afrika Mashariki

Afrika Mashariki si mgeni wa kazi ya namna hii. Jaribio mojawapo lililo mashuhuri duniani kuhusu maradhi ya zinaa lilifanywa jirani kabisa na Bariadi, katika mkoa wa Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994. Wakati huo Bariadi ilikuwa mkoa wa Shinyanga, na sehemu ya Busega, ambayo tangu mwaka 2012 imo mkoani Simiyu, ilikuwa bado katika wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF, na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine walichukua jumuiya 12, wakazigawa katika jozi 6. Katika kila jozi, jumuiya moja ilipata huduma bora ya kutibu maradhi ya zinaa kwa kufuata dalili katika zahanati na vituo vya afya vilivyokuwapo, na nyingine ikasubiri. Watu wazima wapatao 12,500 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kwamba maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 katika jumuiya zilizopata huduma, na asilimia 1.9 katika zile nyingine. Yaani yalipungua kwa takriban asilimia 40.

Ulimwengu ulishangilia. Hata hivyo, huko Rakai, Uganda, jaribio la kuwagawia watu wote dawa za maradhi ya zinaa majumbani kwao, metronidazoli ikiwemo, lilitoa matokeo tofauti mwaka 1999: maambukizo ya virusi vya UKIMWI hayakupungua. Wataalamu walijadiliana kwa miaka mingi juu ya tofauti hiyo. Sehemu ya maelezo ni kwamba ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umekomaa zaidi Rakai kuliko Mwanza, na aina za maradhi ya zinaa hazikuwa sawa. Funzo lake ni zito: wazo moja, katika nchi mbili zinazochangia ziwa moja, lilitoa majibu mawili.

Huko Mombasa, jaribio lililochapishwa mwaka 2008 liliwahusisha wanawake 310 waliokuwa katika hatari kubwa ya kuambukizwa. Nusu yao walipewa metronidazoli na dawa ya fangasi mara moja kila mwezi, kwa mwaka mzima, wawe na dalili au wasiwe nazo; nusu nyingine walipewa vidonge visivyo na dawa. Vajinosisi ilipungua kwa takriban asilimia 45 katika kundi la dawa. Hilo ni jambo jema, lakini ni nani atakayemeza dawa ya kuua vijidudu kila mwezi maisha yake yote? Vijidudu huzizoea dawa zinazotumiwa hivyo, na metronidazoli tunaihitaji kwa maradhi mengine, ikiwamo amiba.

Jaribio la Nairobi linafundisha zaidi. Elizabeth Bukusi na wenzake waliwaza kwamba ikiwa bakteria hukaa katika uume, basi mume akijipaka jeli yenye spiriti atawaua, na mkewe hataugua tena. Wazo lilikuwa la busara, na mtu yeyote angelikubali kwa kusikia tu. Walilijaribu kwa wenzi zaidi ya 200, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Wanawake ambao waume wao walijipaka jeli waliugua zaidi kuliko wale ambao waume wao hawakujipaka. Lau watafiti hao wangeliridhika na busara ya wazo, jeli hiyo ingaligawiwa nchi nzima, na madhara yake yasingejulikana. Namheshimu mtafiti anayechapisha jambo kama hilo kuliko anayechapisha ushindi.

Swali la mume

Kwamba mwanamume anahusika, ushahidi umekuwapo kwa muda mrefu. Katika majaribio ya tohara yaliyofanywa Rakai, ambayo matokeo yake kwa wake yalichapishwa mwaka 2009, wake wa wanaume waliotahiriwa walipata vajinosisi pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko wake wa wanaume ambao hawakutahiriwa, na trikomona ilipungua kwa karibu nusu. Mke hakuguswa wala hakupewa kidonge. Aliyetendewa ni mume, na afya iliyobadilika ni ya mke.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1980 madaktari wa Ulaya, Marekani na Asia walijaribu kuwatibu waume kwa vidonge vya kumeza, aghalabu dozi moja, na hawakuona faida. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2021, ambamo waume walimeza metronidazoli kwa siku saba, nalo halikuonyesha tofauti. Basi vitabu vikaandika kwamba hakuna haja ya kumtibu mume, na wauguzi wakafundishwa hivyo.

Mwezi Machi 2025, watafiti wa Melbourne walichapisha matokeo yaliyopindua kauli hiyo. Walichukua wenzi 164, wakapiga kura. Katika kundi la kwanza mke alitibiwa peke yake kama desturi. Katika kundi la pili mke alitibiwa, na mume pia alimeza metronidazoli mara mbili kwa siku kwa siku saba, na juu ya hayo alijipaka uumeni krimu ya klindamaisini mara mbili kwa siku. Baada ya majuma 12, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 63 ya wanawake waliotibiwa peke yao, lakini kwa asilimia 35 tu ya wale waliotibiwa pamoja na wenzi wao. Tofauti ilikuwa kubwa hata wasimamizi wakashauri jaribio lisimamishwe kabla ya wakati, kwani haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Tafsiri ya tarakimu hizo ni rahisi. Kwa kila waume wanne hivi wanaotibiwa, mwanamke mmoja zaidi huepuka kuugua tena katika muda wa miezi mitatu. Zipo dawa nyingi tunazozisifu ambazo faida yake haifikii hapo. Aidha, inaonekana siri ilikuwa katika kuunganisha vidonge na krimu, maana bakteria wengine hukaa juu ya ngozi na wengine ndani ya njia ya mkojo.

Kwa nini Bariadi

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa Australia imekwisha kujibu swali, kwa nini tusitumie jibu lao mara moja? Nami najibu kwa sababu nne.

Kwanza, jaribio lile liliwachukua wenzi ambao kila mmoja hana mwingine. Katika nyumba nyingi za Kisukuma mume ana wake wawili au zaidi kwa mujibu wa mila. Ukimtibu mume na mke mkubwa, ukamwacha mke mdogo, utakuwa umeziba tundu moja la pakacha. Jaribio la hapa lazima lifanye kura kwa kaya nzima, siyo kwa mke mmoja, na hakuna mtu wa Melbourne atakayetupatia jibu hilo.

Pili, wengi wa wanaume wa Australia waliohusika hawakuwa wametahiriwa. Bariadi ni mahali ambapo tohara haikuwa mila ya wenyeji, lakini tohara ya kitabibu imeenea katika miaka ya karibuni, hivyo kijiji kimoja kina wanaume wa hali zote mbili. Huenda tiba ikamfaa mmoja kuliko mwingine. Bariadi inaweza kutoa jibu ambalo dunia nzima inalihitaji.

Tatu, maisha ya watu wetu yana majira yake. Bariadi ni nchi ya pamba na ng'ombe. Kiangazi wafugaji huhama kutafuta malisho na maji. Fedha za pamba zinapoingia, wanaume husafiri minadani na mijini. Dawa ya siku saba, mara mbili kwa siku, ni jambo jepesi kwa mfanyakazi wa ofisi. Si jepesi kwa mtu aliye porini na mifugo. Na maji yakiwa haba, hata maelekezo ya kupaka krimu na kunawa mikono yana ugumu wake. Tena desturi ya wanawake kujiosha ndani ya uke kwa sabuni, ambayo imeonekana katika uchunguzi wa kaskazini-magharibi, yaweza kupunguza nguvu ya tiba yoyote.

Nne ni uwezo wa huduma zetu. Krimu ya klindamaisini si dawa ambayo mama aliyetoka Dutwa, Nkololo au Ngulyati atatarajia kuikuta rafuni siku yoyote afikayo zahanati. Kwa hiyo jaribio letu liwe na makundi matatu: mke peke yake, mke na mume kwa vidonge na krimu, na mke na mume kwa vidonge pamoja na njia nyingine ya kusafisha ngozi iliyo nafuu na isiyo na madhara, baada ya kupimwa kwanza usalama wake. Nakumbusha tena spiriti ya Nairobi.

Gharama yake si ya kutisha. Iwapo tofauti itakuwa kubwa kama ya Australia, kaya 50 hivi katika kila kundi zatosha kuionyesha. Iwapo itakuwa nusu ya hiyo, zitahitajika kaya 200 hivi kwa kila kundi. Pamoja na nyongeza kwa ajili ya watakaohama, jaribio la kaya zaidi ya 600 lingetupatia jibu la kuaminika. Wilaya moja na majirani zake zaweza kulimudu kwa muda wa miaka miwili, pamoja na hadubini chache na mafundi sanifu waliofunzwa kusoma alama za Nugent.

Masharti ya haki

Jaribio lolote la dawa katika nchi yetu hupitia kamati ya maadili ya utafiti, na dawa zake husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Lakini idhini ya ofisi haitoshi. Ridhaa ya mshiriki iwe ya kweli, ielezwe kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, kwa maneno ambayo bibi asiyejua kusoma atayafahamu na kuyarudia kwa kinywa chake. Mke aulizwe kwanza akiwa peke yake kama ni salama kwake mumewe aitwe. Wako wanawake ambao kuitwa kwa mume kutaleta matusi, kipigo, au madai ya kurudishwa kwa ng'ombe wa mahari. Mwanamke wa namna hiyo atibiwe kwa njia iliyopo, na asilazimishwe kuingia katika jaribio.

Kuna jambo la lugha pia. Vajinosisi yaweza kumpata hata mwanamke mwaminifu mwenye mume mwaminifu, na kwa hiyo haifai kumwambia mume, "Mkeo ana ugonjwa wa zinaa." Ukisema hivyo umevunja nyumba kwa neno usilolijua ukweli wake. Yafaa kusema kwamba bakteria hawa hukaa katika miili ya wote wawili, na wote wawili wanahitaji kutibiwa ili mmoja wao apone.

Wako wenzetu wanaosema kwamba wanaume wa vijijini hawatakuja. Mimi siafiki kuwahukumu watu kabla ya kuwauliza. Mwanamume ambaye amekwenda mwenyewe kutahiriwa akiwa mtu mzima, kwa sababu alielezwa faida yake, hatashindwa kumeza vidonge kwa siku saba akielezwa kwa heshima. Na ikiwa kweli wengi hawatakuja, hilo nalo ni tokeo la jaribio, nasi tutakuwa tumejua kwamba tiba nzuri ya Melbourne haifai kupangiwa fedha hapa mpaka njia ya kuwafikia wanaume ipatikane.

Sharti la mwisho ni kurudisha matokeo. Mara nyingi damu na ute wa watu wetu vimesafiri kwenda maabara za mbali, majibu yakachapishwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo hata mganga wa wilaya hawezi kuyanunua, na kijiji kikabaki na kumbukumbu ya magari tu. Jaribio la Bariadi lisihesabiwe kuwa limekwisha mpaka wakunga, waganga wa zahanati na washiriki wenyewe wameelezwa mkutanoni ni nini kilichopatikana, hata kama kilichopatikana ni kwamba dawa haikusaidia.

Hitimisho

Kwa zaidi ya miaka 40 mwanamke amemeza metronidazoli peke yake kwa ugonjwa huu, na anapougua tena lawama imekuwa yake: ya usafi wake, ya tabia yake, au ya kutomaliza dozi. Sasa kuna ushahidi kwamba kwa wanawake wengi kasoro ilikuwa katika tiba iliyomwona mgonjwa mmoja mahali penye wawili. Ushahidi huo umetoka mbali, kwa watu ambao ndoa zao, kazi zao na zahanati zao hazifanani na zetu. Tukiupuuza tutawadhulumu wanawake wetu, na tukiuiga bila kuupima tutarudia hatari iliyogunduliwa Nairobi.

Natoa wito kwa vyuo vyetu vikuu, kwa taasisi zetu za utafiti na kwa wale wanaogawa fedha za utafiti nchini, walipe swali hili nafasi katika mipango yao ya miaka michache ijayo, na waanzie Simiyu. Na kwa wauguzi wa Bariadi, ambao hawana haja ya kungoja jaribio lolote ili kufanya hili moja, nawaomba: mama akirudi mara ya tatu na tatizo lile lile, msimwulize kwanza kama amejiosha. Mwulizeni kama mwenzake amewahi kupimwa.